Beta Anapokataa Chakula: Anza na Maji, Kisha Mdomo, Ndipo Kopo

Beta, yule samaki mdogo wa mapambo, akitema punje za chakula mara mbili, wengi wetu hukimbilia kununua kopo jingine. Wiki ikiisha kuna makopo manne rafuni, maji yamechafuka kwa mabaki, na samaki bado anageuza kichwa. Miaka ya kuwafuga samaki hawa imetufundisha kwamba kopo ndilo jambo la mwisho kubadilishwa. Beta mzima aliye kwenye maji yanayomfaa hudeka siku chache tu kisha hula. Anayeendelea kukataa anaonyesha kwamba kuna kitu kingine hakiko sawa, na kitu hicho mara nyingi hakina uhusiano wowote na ladha. Kwa hiyo tunakagua kwa mpangilio: maji, mwili wa samaki, ukubwa wa chakula na namna kinavyomfikia, halafu ndipo aina ya chakula chenyewe.

Joto kabla ya yote

Asili ya beta ni maji ya kina kifupi ya Thailand: mashamba ya mpunga, mifereji na madimbwi yenye majani mengi na jua la kutosha. Hustawi kati ya nyuzi joto 25 na 28 za Selsiasi. Sisi huwaweka kwenye 26 au 27. Joto likishuka chini ya 24, mwili wake hupunguza kasi na tumbo husaga polepole. Punje aliyokula jana asubuhi inaweza kuwa bado imo ndani leo jioni. Kumbembeleza ale katika hali hiyo ni kumtafutia maradhi, maana chakula kinachokaa muda mrefu tumboni humvimbisha na kumfanya ashindwe kuogelea sawasawa.

Usipime joto kwa kidole. Weka kipimajoto upande wa tangi ulio mbali na hita, ukisome asubuhi kabla taa haijawashwa, kwa sababu saa hizo ndizo maji yanapokuwa baridi zaidi. Kwa tangi la lita 20 katika chumba cha kawaida, hita ya wati 25 inatosha. Ukikuta maji yako nyuzi 21, usiyapandishe kwa mkupuo. Ongeza nyuzi 1 kwa saa, si zaidi, na ukiweza gawanya kazi hiyo kwa siku mbili. Maji yakifika 26, ngoja siku nzima kabla ya kumpa chochote. Samaki wengi walioitwa wachaguzi hula siku hiyo ya pili, kopo lilelile walilolikataa.

Baada ya joto, pima uchafu usioonekana. Amonia na nitriti zinatakiwa ziwe 0 kabisa, nitreti chini ya miligramu 20 kwa lita. Amonia huunguza matamvua, na samaki mwenye matamvua yanayowaka hana hamu ya kitu. Tumia kipimo cha matone. Karatasi nyingi za kuchovya hazipimi amonia, na hiyo ndiyo unayoihitaji zaidi. Ukikuta amonia, badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto lilelile, kisha pima tena kesho. Tangi jipya ndilo lenye hatari kubwa, kwa kuwa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitreti huchukua wiki 4 hadi 6 kutulia kwenye chujio na changarawe.

Hapa ndipo duara baya linapoanza. Samaki hali, mfugaji anaongeza aina na kiasi, mabaki yanaoza, amonia inapanda, samaki anazidi kutokula. Kila kisicholiwa ndani ya dakika 10 kitolewe kwa pipeti au mpira mwembamba wa kufyonza. Ukifuata hilo moja tu, nusu ya matatizo ya beta asiyekula hayataanza.

Mwangalie samaki mwenyewe

Kaa mbele ya tangi dakika 10 bila kugusa kitu. Beta mzima huja mbele, hukunjua mapezi, hupanda juu mara kwa mara kuvuta hewa, na macho yake hufuata kidole chako. Anayelala sakafuni au kujificha huku mapezi yamebana mwilini ni mgonjwa au ana hofu, na tiba yake haiko kwenye kopo.

Mmulike kwa tochi kutoka ubavuni, chumba kikiwa na giza. Vumbi laini la rangi ya dhahabu au kutu juu ya ngozi ni ugonjwa wa kimelea unaoua haraka, na mara nyingi kukosa hamu ya kula ni miongoni mwa dalili zake za kwanza. Chembe nyeupe kama chumvi ni kimelea kingine. Mtazame pia kwa juu: magamba yakisimama hata mwili ukafanana na nanasi, figo zimeshindwa kutoa maji mwilini, na hapo kuna tatizo kubwa kuliko mlo. Chunguza midomo kama ina mchubuko, weupe wa pamba au uvimbe, kwa sababu beta anayejigonga kwenye mapambo makali anaweza kutamani chakula lakini akaumia kila anapofunga kinywa.

Kinyesi nacho kinasema, ila kinasomwa vibaya. Uzi mweupe kwa samaki ambaye hajala siku tatu mara nyingi ni ute wa utumbo mtupu, haustahili dawa. Uzi huohuo kwa samaki anayekula vizuri huku mgongo wake ukikonda nyuma ya kichwa ndio unaoashiria minyoo au vimelea vya tumboni.

Kuna pia kutokula kusiko na kasoro. Dume anayelinda mayai chini ya kiota chake cha mapovu huweza kupuuza chakula siku kadhaa, mwache. Samaki aliyefika leo anaweza kukataa siku 2 hadi 4, wengine hata wiki, kwa kuwa amebadilishiwa maji, mwanga na kelele kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza hatumpi kitu kabisa na taa tunaiacha imezimwa. Siku ya pili tunampa punje moja. Muulize aliyekuuzia samaki alikuwa anakula nini. Wanaozalisha beta wengi huwakuza kwa wadudu hai, na samaki wa namna hiyo hajawahi kuiona punje kama chakula. Kwake ni kijiwe kinachoelea.

Jambo la mwisho hapa ni la nyumbani. Kabla ya kusema samaki hali, uliza nani mwingine anamlisha. Beta huomba chakula hata akiwa ameshiba: atamjia kila anayesimama mbele ya kioo, atatingisha mwili, na mwenye huruma atafungua kopo. Karatasi iliyobandikwa kando ya tangi, yenye alama moja kwa kila mlo, imetatua kesi nyingi kuliko dawa yoyote. Na kama tangi lina mimea mingi, konokono wadogo na wadudu wa majani, huenda anajilisha mwenyewe mchana kutwa. Tumbo lenye duara dogo, rangi nzuri na kinyesi cha kahawia ni ushahidi kwamba anakula, hata kama hukumwona.

Kutema hakumaanishi kukataa

Mdomo wa beta umeelekea juu, umeumbwa kunyakua wadudu na mabuu kwenye uso wa maji. Ni mdomo mdogo. Akichukua punje, akaitema, akaichukua tena, akaitafuna na kuitema mara tatu kisha akaimeza, huyo anailainisha. Usiingilie. Akichukua mara moja, akaitema na kuondoka bila kugeuka nyuma, huyo amekataa. Tofauti ya hao wawili huonekana ndani ya dakika mbili, na wengi huondoa chakula kabla hazijapita.

Kwa anayetema na kurudia, tatizo ni ukubwa au ugumu. Punje ya milimita 1 ndiyo ya kuanzia kwa samaki mzima. Nyingi zinazouzwa kwa samaki wa kitropiki ni milimita 2 au zaidi. Ikiwa ulizonazo ni kubwa, zikate kwa wembe juu ya kibao au ziponde kidogo kwa mgongo wa kijiko. Au ziloweke kwenye kijiko cha maji ya tangi kwa sekunde 30 hadi dakika 1, zilainike bila kumomonyoka. Ukizidisha muda zitazama na kusambaa, na beta hapendi kufuata unga sakafuni.

Halafu angalia chakula kinaanguka wapi na kinafanya nini. Beta ni mwindaji wa macho na kinachomwamsha ni mwendo. Punje iliyotulia kwenye kona yenye kivuli haimwambii kitu. Chujio lenye mkondo mkali nalo huipeleka punje upande wa pili kabla hajageuka, hasa kwa dume mwenye mapezi marefu anayechoka haraka. Zima chujio kwa dakika 10 za mlo, kisha uliwashe tena. Ukilisahau kwa saa nyingi bakteria wake hukosa oksijeni na kuanza kufa, nawe umerudi kwenye amonia. Duara la kulishia husaidia sana: kata sentimita 20 za mpira wa hewa wa tangi, unganisha ncha zake, upate kizingiti chenye upana wa kama sentimita 6 kinachoelea, ukishikize kwenye kioo. Punje hazitoki ndani yake, na samaki hujifunza kusubiri papo hapo ndani ya wiki moja.

Mwanga una sehemu yake. Taa ikiwashwa ghafla asubuhi samaki hushtuka. Ngoja nusu saa ndipo umlishe. Chumba kikiwa na giza na taa ya tangi ikiwaka, vioo vya ndani hugeuka kuwa vioo vya kujitazamia, na dume hutumia nguvu zote kumtisha "mpinzani" badala ya kutazama juu. Washa taa ya chumba, uone kama atarudi kwenye chakula.

Ujanja mdogo unaofaa kabla ya kubadilisha chakula: lowesha ncha ya kijiti cha meno, ibandike punje moja, iguse kwenye uso wa maji mbele ya samaki, sentimita 2 hivi kutoka mdomoni, na uitikise taratibu. Anaona kitu kinachopapatika, anashambulia. Baada ya siku chache iachie punje ianguke yenyewe. Usigonge kioo kumwita. Mtikisiko huo humfikia mwilini kama kishindo, na anaufunganisha na hofu.

Kumhamisha kutoka chakula hai kwenda punje

Hii ndiyo sehemu inayohitaji moyo mgumu kidogo, na ndipo wengi hushindwa siku ya tatu. Beta mzima, mnene, asiye na ugonjwa, anaweza kukaa wiki nzima bila chakula pasipo kudhurika. Mtoto wa beta, samaki aliyekonda, au anayepona maradhi hawezi, na hao tusiwajaribu kwa njaa.

Kwa mzima tunaenda hivi. Siku mbili za mwanzo hapati kitu. Siku ya tatu asubuhi, yeyusha kipande kidogo cha minyoo damu iliyogandishwa, ukamulie maji yake mekundu kwenye kijiko na uloweke humo punje mbili kwa dakika 5. Mpe moja. Akiila, mpe ya pili, na siku hiyo imekwisha. Akikataa, itoe baada ya dakika 10, ujaribu tena jioni, usimpe mbadala. Kosa kubwa ni lile la kumhurumia dakika hiyohiyo na kumpa mnyoo: umemfundisha kwamba akitema punje, kitamu kinafuata. Hata samaki hujifunza hilo upesi.

Kama siku ya tano bado amekaza, tumia kiherehere chake cha kuwinda. Mpe mnyoo damu mmoja tu, na pale anapogeuka kutafuta wa pili, dondosha punje iliyolowekwa mbele ya macho yake ndani ya sekunde mbili au tatu. Wengi huimeza kabla hawajaitambua. Njia nyingine ni kusaga punje mbili ziwe unga, kumviringisha mnyoo aliyeyeyushwa kwenye unga huo, na kumpa kwa kibano. Kila siku unga unaongezeka, mnyoo unakatwa mfupi zaidi, hadi mwisho wa wiki ya pili kinachobaki ni donge la unga lenye harufu ya mnyoo.

Siku 7 zikipita bila kumeza kitu, acha. Mlishe chakula anachokijua kwa wiki moja arudishe nguvu, kisha anza upya. Raundi ya pili huwa fupi. Wapo wachache ambao hawatakubali punje maisha yao yote, na kwa maoni yetu si vibaya, mradi upo tayari kuwapa mchanganyiko wa vyakula vilivyogandishwa vitatu au vinne kwa zamu. Kinachodhuru ni aina moja tu kila siku.

Kabla hujamlaumu samaki kwa kukataa punje, soma kopo pia. Viungo huorodheshwa kwa uzito, kizito kwanza. Kikianza na unga wa ngano au soya, umenunua chakula cha samaki mwingine. Beta ni mla nyama na utumbo wake ni mfupi. Tafuta kinachoanza na samaki mzima, kamba wadogo au mabuu ya wadudu, chenye protini ya asilimia 40 au zaidi. Angalia tarehe, kisha unuse. Mafuta ya chakula cha samaki huvunda baada ya kopo kufunguliwa, vitamini C hupotea, na samaki huikwepa harufu hiyo kabla pua yako haijaigundua. Sisi huweka chakula cha mwezi mmoja kwenye chupa ndogo, kilichobaki tunakifunga kisiingie unyevu na kukihifadhi kwenye friza. Miezi 6 tangu kufunguliwa, hata kama limebaki nusu, kopo linatupwa. Usitie vidole vyenye maji humo.

Vyakula vinavyomwamsha aliyelala

Viluwiluwi wa mbu ndio chakula kilichokaribia zaidi asili yake, na sijaona beta mzima akiwapuuza. Wananing'inia kwenye uso wa maji, wanapapatika, na wana ukubwa unaolingana na mdomo. Weka ndoo safi yenye lita 5 za maji na majani makavu machache mahali penye kivuli. Mayai yakiwekwa, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na katika joto mbu kamili hutoka baada ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo vuna kila siku kuanzia siku ya tatu, kwa chujio la chai, na ifikapo siku ya sita mwaga yote kwenye udongo mkavu, osha ndoo kwa kusugua kingo ambako mayai hushika, uanze upya. Usichezee ratiba hii. Ndoo iliyosahaulika inazalisha mbu wa kuuma majirani na kueneza maradhi, na kama huwezi kuhudhuria kila siku, usiianzishe. Mahali ambapo mbu wanaeneza malaria au dengi, tumia njia nyingine kabisa. Usivune kwenye mitaro wala madimbwi ya barabarani. Humo mna mafuta, dawa za wadudu na kunguni wa maji wanaouma samaki. Suuza mara mbili kwa maji yaliyoondolewa klorini, mpe watano au sita, si zaidi, kwa kuwa watakaobaki watakuwa mbu ndani ya nyumba.

Atemia, yaani kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, walioanguliwa punde ni salama zaidi. Kwa lita 1 ya maji weka gramu 25 hadi 30 za chumvi isiyo na madini joto, gramu 1 ya mayai, hewa inayobubujika kwa nguvu, taa karibu na joto la 26 hadi 28. Kati ya saa 18 na 36 watatoka, rangi ya chungwa. Zima hewa kwa dakika 10: maganda huelea, watoto hushuka na kufuata mwanga. Wafyonze kwa mpira mwembamba, wachuje kwenye kitambaa laini, wasuuze chumvi, uwape samaki mara moja, kwani akiba ya lishe waliyozaliwa nayo hupungua kila saa. Kwenye maji yasiyo na chumvi huishi saa chache, muda unaotosha kuwindwa. Kwa beta mzima ni wadogo, lakini ule wingu unaotembea mbele ya pua humchangamsha hata aliyekaa wiki bila hamu.

Dafnia, vile viroboto vya majini vinavyorukaruka, hukaa hai kwenye tangi hadi waliwe, hivyo hawachafui. Gamba lao halimeng'enyeki vizuri, na husukuma kinyesi. Ndiyo sababu tunawapa mara moja kwa wiki hata samaki asiye na shida.

Vya kugandishwa vina sharti moja: usidondoshe donge la barafu tangini. Kata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi likiwa bado gumu, kiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, mwaga majimaji, toa kwa kibano. Kilichoyeyuka hakirudi kwenye friza. Minyoo damu, ambao kwa kweli ni mabuu ya usubi wasiouma, wana ladha inayopendwa mno lakini ni wazito tumboni; mara mbili kwa wiki, watatu au wanne kwa mlo. Waliokaushwa huvuta maji na kuvimba, kwa hiyo waloweke dakika 10 kwanza, la sivyo watavimbia ndani ya samaki. Mkate, yai la kuchemsha na nyama ya ng'ombe viacheni mezani. Mafuta ya wanyama wa nchi kavu huganda katika joto la tangi, na mwili wa samaki hauna cha kufanya nayo.

Kiasi, na tumbo lililojaa

Tumbo la beta, likiwa tupu, halizidi sana ukubwa wa jicho lake. Punje 2 au 3 za milimita 1 asubuhi, na 2 au 3 jioni, zinatosha samaki mzima, na siku moja kwa wiki asile. Mpe moja moja, usubiri ameze. Mtazame kwa juu baada ya mlo: tumbo liwe na mviringo mdogo. Likitokeza kama ameficha maharage pande zote mbili, umezidisha, na kesho asubuhi "atachagua chakula" kwa sababu nzuri kabisa.

Aliyevimba, anayeelea kiubavu au kushindwa kushuka, afungiwe chakula siku 2 hadi 3, maji yawe nyuzi 27, kina kipunguzwe ili asihangaike kufika juu. Kisha dafnia. Ushauri wa kumpa kipande cha njegere umeenea sana, lakini utumbo wa mla nyama haujaumbwa kwa nyuzi za mimea, na dafnia hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Akiwa hajapata choo siku ya tatu, muogeshe kwa chumvi ya Epsom: kijiko kikubwa 1 kwenye lita 4 za maji ya tangi, joto lilelile, dakika 10 hadi 15, ukimtazama muda wote na kumtoa akilala ubavu. Hiyo ni magnesiamu salfeti isiyo na manukato. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hii.

Samaki wa miaka mitatu na kuendelea anahitaji subira ya aina yake. Hula polepole, huruka milo, na wale wenye magamba mazito meupe mara nyingi huota magamba juu ya macho hadi wakapofuka. Kipofu hakatai chakula, hakioni. Mlishe saa ileile, kona ileile, ukigusa maji kwa kijiti mara mbili kabla ya kuangusha punje, na utumie chakula chenye harufu kali, kilicholowekwa kwenye maji ya minyoo damu. Ndani ya wiki mbili huja kwenye mguso huo akiwa amefungua mdomo.

Ukisafiri siku tatu au nne, beta mzima aachwe bila chakula. Vile vidonge vikubwa vya likizo vinavyoyeyuka tangini huchafua maji kuliko vinavyolisha. Safari ikizidi wiki, hesabu punje za kila siku, uziweke kwenye kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku za wiki, umkabidhi atakayebaki. Makopo yenyewe yafungie kabatini.